V8 ya Kifahari Mjini Kampala: Bei ya Kununua Ndiyo Ndogo

Anayekuuzia V8 ya kifahari, gari la injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, lililotembea miaka kumi na mitatu, atakutajia bei moja tu, nayo ndiyo ndogo kuliko zote utakazolipa. Mimi nilitajiwa milioni 48 za Uganda. Kwa pesa hizo unapata Harrier safi na chenji inabaki, lakini nikajiuliza kwa nini nijibane ndani ya gari lililojaa kila kona ya Ntinda, wakati hapa kuna injini ya nguvu za farasi zaidi ya 400, tabo (turbo) mbili, viti vya ngozi vinavyopoza mgongo, na mifuko ya hewa chini badala ya springi. Nilikuwa nimetoka kuuza mahindi Busia, mkono ulikuwa mzuri, na mtu mwenye pesa mkononi masikio yake huziba.

Jina la kampuni iliyoliunda sitalitaja. Waliliunda vizuri, wakaliuza Ulaya kwa mtu mwenye uwezo wake. Si wao walioniambia nilichukue likiwa limeshamaliza ujana.

Kuna jambo hapa Uganda linalofanya magari haya yaonekane rahisi. Tangu mwaka 2018 sheria imekataza kuingiza gari lililofikisha umri wa miaka 15, na magari ya umri mkubwa yanatozwa pia tozo ya mazingira, juu ya ushuru na kodi nyingine zote. Kwa hiyo yaliyokwisha kuingia yanazunguka humu humu, mkono hadi mkono. Wa kwanza alilileta likiwa bado na afya, wa pili akalifaidi, wa tatu akasikia mlio fulani akaamua kuuza kabla mlio haujawa bili. Mimi nilikuwa wa nne.

Gari likizeeka bei yake inashuka, ila bei ya spea zake haishuki. Bampa, taa, kompresa, rejeta, vyote bado vimepangiwa bei ya yule mtu wa kwanza aliyelinunua jipya kwa mamia ya milioni. Ukitaka kujua kama unaliweza, usiangalie bei ya yadi. Uliza jipya lake linauzwa kiasi gani, kisha jiulize kama mfuko wako unaweza kuhudumia gari la bei hiyo.

Shida ya kwanza ilijitokeza mapema. Asubuhi nakuta kona ya mbele kushoto imekaa chini, tairi limemezwa na bodi. Nikiwasha, kompresa, ile pampu inayojaza hewa kwenye mifuko, inanguruma, gari linainuka taratibu, safari inaendelea. Nikampelekea fundi wangu wa Ndeeba, kijana hodari sana kwa Toyota.

"Hajji, kompresa imechoka," akasema. (Makka sijafika. Lakini Kampala ukivaa kofia ukashuka kwenye V8, uhaji unapewa bure.)

Tukaweka kompresa mpya, milioni 1.9. Gari likasimama vizuri kwa muda, likaanza kulala tena, kisha kompresa mpya nayo ikaungua. Hapo nilianza kuliona gari kama mtu anayenidhihaki. Jirani akaniambia niende Bombo kwa mzee mmoja wa Kinubi aliyestaafu ufundi wa magari ya jeshi.

Mzee hakugusa kompyuta wala spana. Alisema gari liinuliwe hadi kimo chake cha juu kabisa, injini izimwe. Akakoroga sabuni ya unga kwenye ile chupa ya kupulizia dawa ya kunguni, akainama, akaupulizia mfuko wa hewa wa kushoto pande zote, hasa pale mpira unapojikunja. Tukangoja. Kwenye mkunjo wa chini vikaanza kutoka vipovu vidogo, ukubwa wa punje za mtama, vinapasuka na kurudi, vinapasuka na kurudi. Akanivuta mkono nivione.

"Mwanangu, kompresa ni punda tu. Mzigo kambebesha nani?"

"Mpira, mzee."

"Basi ukinunua punda mwingine leo, kesho naye utamzika."

Ndivyo mambo yanavyokwenda kwenye magari yote ya aina hii. Mpira wa mfuko unachanika kwenye mikunjo kwa umri, vumbi na joto. Hewa inatoka polepole usiku. Asubuhi kompresa inafanya kazi ya kulinyanyua gari la zaidi ya tani mbili, na ukiwa njiani haipumziki kwa sababu hewa bado inavuja. Inapata joto, ringi ya pistoni yake inaisha, chembechembe za kukausha unyevu zinalowa, na wakati mwingine rilei, swichi ya umeme inayoiwasha, inang'ang'ania na kuiacha ikizunguka hadi iungue. Taa inayowaka kwenye dashibodi inakuambia kompresa, kumbe mgonjwa ni mwingine. Anza na mvujo. Badilisha mifuko miwili ya ekseli moja pamoja, maana ya upande wa pili ina umri uleule. Rilei ni kitu cha bei ndogo, badilisha hapo hapo. Kisha ndipo uangalie kama kompresa bado inafaa.

Mimi jumla ilinifikia milioni 8, mbili kati yake zikiwa kompresa iliyokufa bure pamoja na ufundi wake. Wapo wanaoondoa mifuko na kuweka springi za chuma. Ni rahisi na inadumu, siwalaumu, ila gari linapoteza ule ulaini uliokufanya ulinunue, na kama kompyuta haikurekebishwa taa ya onyo itabaki imewaka siku zote.

Baadaye nilikumbuka siku ya kununua. Nilipofika kwa muuzaji gari lilikuwa linaunguruma tayari, limesimama wima, na yeye akasema alikuwa analiosha. Ukienda kuangalia gari la mifuko ya hewa, hakikisha limelala usiku mzima bila kuwashwa. Boneti ikiwa ya moto, ahirisha.

Maji ndiyo yaliyonipa aibu kubwa. Tulikuwa tunakwenda Mbarara kwenye harusi, mimi, mke wangu na shangazi yake. Kuanzia Mpigi kulikuwa na harufu tamu ndani ya gari, kama sukari iliyoungua. Shangazi akasema ni manukato ya mtu. Tulipofika Kayabwe, pale kwenye mstari wa Ikweta, onyo la maji likawaka nikaegesha. Vijana wa pale walikuwa wanawaonyesha watalii jinsi maji yanavyozunguka kwenye karai, eti upande huu yanazunguka hivi, upande ule vile. Ya kwangu yalikuwa na mwelekeo mmoja tu: chini, kijito cha rangi ya waridi kikitoka katikati ya injini hadi kwenye lami. Mtalii mmoja akakipiga picha nacho.

Uzuri nilizima mara moja. Injini hizi ni za aluminiamu. Ukilazimisha kilomita chache ili ufike mjini, hedi, yaani kichwa cha injini, inapinda, gasketi yake inaungua, na hapo bili inaweza kuifikia bei ya gari. Kama sindano ya joto imepanda au onyo limewaka, egesha hapo hapo hata kama ni mahali pabaya, na usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Gari la kuvuta kutoka Kayabwe hadi Kampala ni ghali, lakini hedi ni ghali zaidi.

Kilichopasuka kilikuwa bomba la plastiki. Mabomba ya plastiki yakipashwa moto na kupoa kwa miaka yanakuwa makavu, ukiyashika yanamomonyoka. Na ugonjwa huu si wa kampuni moja. Porsche Cayenne za V8 za kizazi cha kwanza zinajulikana kwa mabomba ya plastiki yaliyopita katikati ya V ya injini, chini ya manifoldi, na wenye nazo huyabadilisha kwa ya aluminiamu. Range Rover za V8 ya lita 5 nazo zina mabomba ya plastiki, na moja limejificha nyuma, chini ya supachaja. BMW X5 za V8 yenye jina la N62 zina bomba refu ndani ya injini ambalo mpira wake huchoka, maji yakachungulia kwenye kitundu cha mbele. Ukiwa na gari la namna hii lenye umri, badilisha mabomba kabla hayajapasuka, na kwa kuwa fundi ameshafungua kila kitu, weka pampu ya maji na thamostati mpya (valvu inayodhibiti joto la maji) humo humo. Kazi kubwa ni kufika huko ndani. Mimi nililipa milioni 6.2, zaidi ya theluthi ikiwa ufundi na gari la kuvuta.

Fundi wa kando ya barabara pale Kayabwe alikuwa na dawa yake: tutoe thamostati, tujaze maji ya bomba, twende. Dawa hiyo utaisikia kila mahali kutoka Malaba hadi Kabale. Kwa injini ya kisasa ni sumu. Bila thamostati injini inakimbia ikiwa baridi, kompyuta inamwaga petroli nyingi ikidhani bado inapasha moto, petroli inachuruzika hadi kwenye oili, na oili iliyochanganyika haiwezi kulinda tabo. Maji ya bomba nayo yanakula aluminiamu kutoka ndani. Nilimshukuru kijana, nikampa pesa ya soda, nikapiga simu.

Harusi tuliifikia kwa basi. Shangazi mpaka leo akipanda gari langu ananusa kwanza.

Halafu kukawa na wiki ya taa. Siku moja kwenye foleni ya Wandegeya ziliwaka zote: breki, mifuko ya hewa, gia, usukani. Nikaona nimekwisha. Kumbe betri. Magari haya yana kompyuta nyingi sana, na umeme ukishuka kidogo kila moja inalalamika kivyake. Kampala inaua betri: safari fupi, foleni ndefu, viyoyozi na feni zinavuta huku injini inasinzia. Kabla hujakubali kubadilisha chochote cha umeme, pima betri. Na ukinunua mpya iwe ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani, kisha fundi aisajili kwenye kompyuta ya gari, la sivyo litaendelea kuichaji kama betri nzee na kuiharibu. Kifaa cha kusoma hitilafu cha bei ndogo kinasoma injini tu. Tafuta garaji yenye programu ya kampuni yako, na ulipie usomaji kama unavyomlipa daktari, hata kama ameangalia tu.

Ulaji wa petroli nitausema haraka kwa sababu unaumiza. Mjini linakwenda kilomita nne na nusu kwa lita. Lita ikiwa juu kidogo ya 5,000, kila kilomita ni zaidi ya 1,100. Tanki ni la lita 100. Kwenye barabara ya mwendo kasi ya Entebbe, ukishalipa ile 5,000 ya getini, linakunywa karibu nusu ya hapo, na huko ndiko unaelewa kwa nini watu wanayapenda. Nikisema nimelichukia nitakuwa mwongo: ukikanyaga pale baada ya Kajjansi, gari lote linatulia chini na kukusukuma mgongoni, na unasahau kila risiti. Soma kifuniko cha tanki uone okteni, yaani daraja la petroli, inayotakiwa. Injini ya tabo ikipewa ya chini, kompyuta inachelewesha cheche ili isigonge, nguvu zinapungua na mafuta yanaliwa zaidi.

Oili. Kitabu cha Ulaya kitakuambia kilomita elfu kumi na tano na zaidi kati ya huduma na huduma. Waliokiandika hawakuwahi kukaa saa nzima kwenye foleni ya Clock Tower. Mimi nabadilisha kabla ya kilomita 8,000, lita tisa hivi, yenye idhini ya kampuni iliyoandikwa mgongoni mwa kopo, na nanunua mahali ninapopewa risiti, kwa sababu makopo mazuri yenye oili mbaya yapo mjini. Giaboksi nayo utaambiwa oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani? ZF, ambao giaboksi zao zimo kwenye mengi ya magari haya, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Langu lilikuwa linastuka likiingia gia ya pili. Baada ya oili na filta, ambayo imeungana na karai lake la plastiki, likaacha.

Tairi na mashimo havihitaji maelezo kwa mtu wa Kampala. Mnakumbuka Aprili 2023 watu walivyojaza mitandao kwa picha za mashimo ya mji wakayaita maonyesho. Rimu za inchi 20 zenye tairi nyembamba zinapasuka ukingo wa ndani, usikokuona, na tairi linapoteza upepo polepole hadi umlaumu valvu. Ukitaka rimu ndogo zaidi, zijaribishe kwanza, kwani breki za magari haya ni kubwa na rimu nyingi hazipiti. Breki zenyewe zinaisha upesi kwa uzito ule. Usikubali diski zichongwe kwenye mashine ili zidumu; zikiwa nyembamba kupita alama yake, tupa.

Spea ni elimu yake. Kila mara nenda na namba ya chasisi, tarakimu na herufi zote 17, upate namba ya kipuri kabla hujafungua mdomo kuhusu bei. Mwaka mmoja wa gari hilohilo unaweza kuwa na aina mbili za breki. Ukishapata namba, angalia nani anakitengenezea kiwanda: Bosch, Lemförder, Brembo, Bilstein. Kipuri kilekile bila nembo ya gari kinaweza kuwa nusu bei. Soko la Kisekka ni zuri kwa milango, taa na viti vilivyotumika, na ukifika huko chukua mtu wa huko. Kwa vitu vya mpira, plastiki na umeme, cha mtumba ni kununua tena ugonjwa ule ule. Ukiagiza Dubai, hesabu nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla hujashangilia bei. Na fundi akikubadilishia kitu, dai cha zamani ukibebe nyumbani.

Jambo jingine dogo: vioo vya pembeni. Kwenye foleni kijana anaking'oa kwa sekunde. Ndiyo maana magari ya Kampala yamechorwa namba zake kwenye vioo na taa. Nilikataa kwanza, nikiona ni ushamba kulichora gari zuri kiasi hicho. Sasa limechorwa.

Mke wangu ndiye mwenye mkono wa hesabu. Mwaka wa kwanza ulipotimia alijumlisha risiti kwenye daftari la shule la mtoto: milioni 29, petroli haimo, bima haimo. Hakusema kitu. Aliacha daftari mezani limefunguliwa, akaenda kupika. Tangu hapo naweka milioni mbili kila mwezi kwenye akaunti isiyoguswa kwa jambo jingine, na mwezi ukipita bila kuharibika kitu, hela haitoki. Mwaka wa pili ulikuwa nafuu sana, kwa kuwa vikubwa vilikuwa vimeshabadilishwa. Huo nao ni ukweli ambao wanaouza baada ya mwaka mmoja hawaufikii: wanalipia magonjwa yote, kisha wanamwachia mwingine gari zima.

Miezi iliyopita binamu yangu alitaka la kwake, naye akaliona moja karibu na Lugogo, bei tamu. Nikamchukua na mzee wa Bombo. Kwanza tukatafuta jina la injini, si jina la gari, kwa sababu magonjwa yanafuata injini. N63 ya BMW, yenye tabo ndani ya V, ilisumbua kiasi kwamba mwaka 2014 kampuni ilianzisha huko Marekani mpango maalumu wa huduma kwa wenye nayo. M156 za awali za Mercedes AMG zilijulikana kwa boliti mbovu za hedi. Ukijua jina, unajua pa kuangalia. Mzee akapiga magoti nyuma ya gari, akaingiza kidole kwenye ekzosi, akakitazama. Akafungua kifuniko cha oili, akanusa. Akauliza risiti za huduma. Zilikuwepo mbili, zote za kuosha.

"Mzee, tutaomba gari lilale hapo hapo," nikamwambia muuzaji. "Sisi turudi alfajiri, kabla halijawashwa."

Akasema alfajiri yeye huwa na shughuli. Tukamwambia hata saa nne ni sawa, mradi lisiwashwe. Akasema kuna mteja mwingine anakuja na pesa taslimu. Tukamtakia heri.

Binamu alinunua Prado ya dizeli, na milioni kumi na mbili zilizobaki akaezekea nyumba ya mama yake Busia.